Ndugu wa Kupigiwa

Nyangeta mwanangu,

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka hadi leo: ndala zako kwenye ua wa Kibara, siku nilipokuja kukuchukua. Ulikuwa na miaka sita. Ndala zenyewe zilikuwa za mmoja wa kaka zako, kubwa kuliko miguu yako, na zilipiga udongo mkavu pa, pa, pa, zikija upande wangu. Nikaweka begi chini, nikachuchumaa, nikafungua mikono. Sauti ikanifikia, ikanipita, ikaishia nyuma yangu kwenye miguu ya mama yako mkubwa, ambaye alikuwa amekuja kunipokea kituoni na alikuwa bado amebeba tikiti maji nililomletea. Ulimshika magoti ukamuuliza, "Mama, huyu mgeni analala hapa?"

Alicheka. Nami nikacheka, mikono yangu ikiwa bado wazi. Nadhani ni siku hiyo nilipoanza kumhesabia dada yangu makosa.

Sasa hivi umekwenda kunyolewa nywele. Utarudi baada ya saa moja na kichwa cha mwanafunzi wa bweni, nami nataka niwe nimemaliza kabla hujarudi, kwa sababu nikikuona nitaanza kuzungumzia soksi. Mambo ya ndoo, fagio, jembe na godoro yamo kwenye orodha ya shule na tumeyapigia alama pamoja. Namna ya kuishi na watu unaijua, na si mimi niliyekufundisha. Nina jambo moja tu la kukuambia, nalo ni kuhusu jicho la kushoto la mama yako mkubwa.

Unajua nilikuzaa nikiwa nangoja matokeo ya kidato cha sita. Baba yako unamfahamu, na habari zake si za barua hii. Matokeo yalipotoka yakiwa mazuri, nyumbani kulikuwa kimya kana kwamba kuna msiba. Ni dada Nyamisi aliyezungumza. Alimwambia babu yako, "Huyu aende chuo. Mtoto nitakaa naye mimi." Nilipoondoka ulikuwa na miezi tisa, na yeye alikuwa na mtoto mchanga. Usiku wa kwanza ulilia mpaka akakunyonyesha pamoja na wake. Yeye hakuwahi kuniambia hilo. Niliambiwa na jirani yake miaka mitatu baadaye, kwa furaha, kama mtu anayeniletea zawadi. Nilimshukuru. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama huko peke yangu, mtu mzima, mwenye cheti cha chuo, nikiyaonea wivu maziwa.

Nakuandikia haya ili ujue kwamba wivu wangu haukuanza mwaka juzi. Mwaka juzi ulipata kazi tu.

Kazi yangu unaijua kwa juu juu. Ulipokuwa darasa la pili mwalimu alikuuliza mama yako anafanya nini ukajibu, "Anapigia watu simu." Ni kweli. Kila mgonjwa wa idara yetu ya macho ana kadi, na kila kadi ina tarehe ya kurudi. Jumatatu asubuhi mimi na Sista Bhoke tunazitoa kadi za wale waliotakiwa kuja wiki iliyopita wasije. Tunampigia mgonjwa mara tatu. Asipopatikana tunampigia ndugu wa karibu aliyeandikwa kwenye kadi. Ndugu naye asipopatikana, tunamtafuta mtendaji wa kijiji. Mwisho wa mstari kwenye daftari tunaandika neno: amejulishwa, au hapatikani, au amefariki.

Watu hudhani kuchelewa ni kuchelewa tu. Mwenye mtoto wa jicho akichelewa, ataendelea kuona ukungu, na akija mwezi ujao atafanyiwa upasuaji aone. Mwenye presha ya macho ni tofauti. Haumwi. Haoni ukungu. Uoni wake unaliwa kutoka pembeni, polepole, na kilicholiwa hakuna daktari anayekirudisha. Matone ya kila siku yanazuia tu kisiliwe kingine. Kwa hiyo kadi za presha ya macho tunazifunga utepe mwekundu, na hizo ndizo tunazoanza nazo.

Nilikuwa hodari, Nyangeta. Kuna mzee fundi cherehani wa Bunda ambaye kila nikimpigia ananiuliza, "Binti, wewe hunaga baba yako wa kumsumbua?" Lakini siku ya siku anafika wa kwanza, kanzu imepigwa pasi, na ananiambia kwa sauti ili foleni nzima isikie, "Nimekuja, mkuu wa polisi." Sista Bhoke alikuwa akisema wagonjwa wangu wananiogopa mimi kuliko sindano. Nilijivunia kwamba mikononi mwangu hapotei mtu.

Mwaka juzi mwezi wa tatu, ulipokuwa darasa la sita, mama yako mkubwa alikuja kupimwa kwa sababu miwani ya kusomea haikumsaidia. Daktari akamkuta na presha ya macho. Nilimjazia kadi mimi mwenyewe. Tulipofika kwenye mstari wa ndugu wa karibu, nikamuuliza niandike nani.

"Si wewe?"

"Weka shemeji, dada. Mtu wa nyumbani."

"Shemeji yako akiwa ziwani simu inalalaga kwenye kabati. Andika wewe. Nani wa karibu kuliko mwenye daftari?"

Sista Bhoke akacheka. "Mama, wewe hupotei ng'o. Faili lako lina mwenyewe."

Nikaandika jina langu na namba yangu. Sikufikiri, wala yeye hakufikiri, kwamba kwa mpango wetu mtu wa mwisho wa kupigiwa nilikuwa mimi, na kwamba mimi nikishapatikana hakuna anayeuliza tena.

Alikaa kwetu siku mbili. Unazikumbuka? Ulihamishia mto wako kwenye kitanda chake. Mlizungumza Kijita, lugha ya huko alikoolewa, mpaka usingizi ukawachukua, Kijita chenu cha haraka ambacho mimi nakielewa lakini kikinitoka mdomoni kinachechemea, na nilisikia jina langu mara mbili na kicheko mara moja. Asubuhi ulimtia matone machoni kwa mkono wako. Uliniambia, "Mama, wewe usishike, mkono wako una haraka." Alipoondoka, chupa tatu za dawa zilikuwa kwenye mkoba wake na tarehe ya kurudi ilikuwa mwezi wa sita.

Likizo ya Aprili ukaenda Kibara. Uliporudi tulikuwa tunakula, mimi na wewe na Sista Bhoke aliyekuwa amepita kutusalimia, naye akakuuliza habari za nyumbani. Ukamsahihisha kwa upole kabisa, ukiwa unachambua mwiba wa sato. "Nyumbani ni Kibara, Sista. Hapa tunakaaga tu."

Hukukosea. Mtoto husema moyo wake ulipo. Lakini nilibeba maneno yale kazini, nikarudi nayo, nikalala nayo, mpaka mwezi wa sita.

Mwezi wa sita hakuja. Jumatatu ile kadi yake ilitoka na utepe wake mwekundu. Sista Bhoke akapiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Simu ilikuwa dukani ikichajiwa, kama kawaida yake. Akageuza kadi aone ndugu wa karibu.

"Ee, ni wewe hapa."

"Nitamwambia," nikasema.

"Niandike nini?"

"Lete, naandika mwenyewe."

Nikaandika: amejulishwa.

Nilipoandika nilikuwa na nia ya kumpigia jioni. Nakuapia. Jioni nikakumbuka kwamba shule zinafungwa Ijumaa. Nikaona jinsi itakavyokuwa: atakuja, utahamisha mto wako, mtazungumza nisichokuwa na ulimi nacho, kisha atapanda gari kurudi na wewe utapanda naye, na likizo nzima nitabaki na meza yangu. Nikasema, wiki ijayo. Nilitaka likizo moja tu ya kuwa mama yako bila shahidi. Na niliipata, unakumbuka? Tulikwenda kwenye mawe ya ziwani, nikakununulia lile gauni la njano, ukafurahi. Kila ulipofurahi nilikuwa najua bei yake. Nilijua dawa yake imekwisha. Chupa tatu ni miezi mitatu. Hesabu hiyo naifanyia watu kila siku.

Wiki ikawa mwezi. Ilivyozidi kuwa ndefu ndivyo ilivyokuwa vigumu kupiga, maana ningeanza kwa kueleza kwa nini sikupiga kabla. Na yeye kule Kibara alikuwa ametulia. Kadi aliiweka kwenye kopo pamoja na cheti chake cha ubatizo. Watu walipomuuliza kama harudi hospitali aliwajibu, "Mdogo wangu ndiye mwenye daftari. Siku ikifika atanipigia."

Zamani nilidhani wivu ni jambo la kelele, wanawake wakirushiana maneno bombani. Wangu ulikuwa na adabu. Ulijua kusoma. Uliandika neno moja kwa mwandiko mzuri, ukafunga daftari.

Krismasi tulikwenda Kibara sote wawili. Asubuhi ya sikukuu alikuwa anatumiminia chai, akamimina pembeni mwa kikombe, juu ya kitambaa kipya cha meza. Ulicheka mpaka ukashika tumbo. "Mama mkubwa umelewa sikukuu!" Kaka zako wakacheka, na yeye akacheka akifuta meza. Nilikuwa mtu pekee pale aliyejua alichokiona, na nilicheka pia. Kisha nikainua mkono wangu kimya kimya upande wake wa kushoto, nikapunga vidole karibu na shavu lake. Hakugeuka.

Januari nikamleta. Daktari alimpima, akampima tena, kisha akavuta daftari. Jicho la kulia lilikuwa limepungua. La kushoto lilibaki kutofautisha mwanga na giza tu. Daktari wetu ni mtu mpole lakini siku ile sauti yake ilipanda. "Mama, hapa imeandikwa ulijulishwa mwezi wa sita. Miezi saba! Ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mama yako mkubwa hakunitazama. Alikaa kitako vizuri kwenye kiti, akaweka mikono mapajani.

"Ni kweli, daktari, niliambiwa," alisema. "Ni uzembe wangu tu."

Hivyo ndivyo neno uzembe lilivyoingia nyumbani kwetu. Jioni ile ulimgombeza. Ulikuwa umelia, ulimpenda, na ulikuwa na hasira ya mtu anayependa. "Mama mkubwa, mama alikupigia! Kwa nini hukuja? Kwa nini hukutumia dawa?" Nilikuwa jikoni nimeshika mwiko. Nilimsikia akikujibu, "Ndiyo, mama. Nilikosea." Na tangu siku hiyo umekuwa ukimwambia kila mnapoagana, kwa utani lakini kwa ukweli, "Usiwe mzembe tena." Anaitikia. Mwaka mzima ameitikia.

Sasa nikuambie lililo baya kuliko yote, baya kuliko hata neno nililoandika. Pale mlangoni, dada yangu alipojitwisha kosa langu ili nisifukuzwe kazi, kitu cha kwanza kilichonipanda hakikuwa shukrani, wala aibu. Ulikuwa wivu. Niliwaza: hata hili yeye ndiye ameliweza.

Sikuambii usione wivu. Utauona huko uendako, kwa mwenzako wa kitanda cha juu atakayejiwa na mama yake kila siku ya kutembelewa, kwa atakayeshika namba moja bila jasho. Mimi naandika hapa na tayari nawaonea wivu watu nisiowajua: matroni atakayekuuliza kama umekula, na yule atakayekuwa wa kwanza kukusikia ukiota. Hata kinyozi wako nimemwonea wivu leo. Na nimeona ulivyopanga sanduku. Mashuka niliyonunua uliyaweka chini, blanketi la Kibara ukaliweka juu kabisa, ulifikie kwanza. Nililiangalia muda mrefu. Sikulisogeza. Hayo tu ndiyo niliyojifunza, na ni madogo: moyo utasema unachosema, lakini mtu anaweza kuutazama mkono wake. Mwaka juzi nilikuwa nahangaika na moyo wangu, nikiuombea, nikiukemea, wala sikutazama mkono, nao ndio ulioshika kalamu.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilikuaga kwamba nakwenda semina Bunda. Hakukuwa na semina. Nilipitiliza mpaka Kibara. Nilimkuta anaanua samaki, furu wadogo waliokauka, akiwapapasa kwa vidole kwanza ndipo anawaokota. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Neno nililoandika, likizo, gauni la njano. Hakuacha kuokota.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu daktari aliposoma. Simu yangu haijawahi kuniambia kitu halafu nikasahau. Nilikuwaga nangoja useme. Nimengoja mwaka mzima, mdogo wangu, na jicho moja."

Nikaanza kulia. Akaweka ungo chini.

"Usiniletee machozi, nimeanika samaki hapa. Kaa." Nikakaa. "Ningesema kweli siku ile ungefukuzwa, mtoto angesoma na nini? Sikukukinga wewe. Nilimkinga yeye." Halafu sauti yake ikawa ndogo, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Lakini ananiita mzembe. Mimi. Nimemlea yule. Hilo limeniuma kuliko jicho. Mtoto anajua?"

"Hajui."

"Basi mwambie. Usije hapa tena kabla hujamwambia."

Hakuniambia amenisamehe, nami sikuomba. Alinifungia furu kwenye gazeti, wa kwako, akasema nisiwaguse. Sijawagusa. Wako kwenye sanduku, pembeni mwa blanketi.

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wa idara na daftari la mwaka juzi. Nilimwonyesha mstari. Alinisikiliza, akanipa barua ya onyo, na kunitoa kwenye simu. Sasa napanga kadi tu, na anayepiga ni Sista Bhoke. Hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu akaja na kadi ya fundi wa Bunda, akasema, "Mzee wako ananiuliza polisi amehamishwa wapi. Nimjibu nini?" Nikamwambia amjibu ukweli. Kwenye kadi ya mama yako mkubwa nimefuta namba yangu. Ndugu wa karibu sasa ni kaka yako mkubwa, na chini yake mwenye duka anakochajia simu.

Nimekwisha kukuambia. Utasoma barua hii kesho ukiwa umeshafika Butiama, kwa sababu nitaiweka ndani ya Biblia yako na najua huifungui mpaka usiku wa ugenini. Utanichukia kwa muda. Sijui ni muda gani na sitaupigia hesabu. Likizo ya kwanza ukitoka shuleni na kufika barabara kuu utakuwa na njia mbili, ya kuja Musoma na ya kwenda Bunda mpaka Kibara. Zamani ningekupangia. Ningepiga simu mapema, ningekutangulia kituoni.

Badala yake nimefanya hivi. Unakumbuka fomu ya shule niliyosema nitaijaza nikipata nafasi? Ina mstari wa mzazi au mlezi wa kupigiwa kwanza, yule anayeitwa mtoto akiugua, anayeruhusiwa kumtembelea na kumchukua. Chini yake kuna mstari wa pili, kama wa kwanza hapatikani. Niliijaza Alhamisi kwenye meza hii hii, na Ijumaa nikaipeleka Butiama mwenyewe ili nisipate siku ya kubadili mawazo. Mwalimu alisoma mstari wa kwanza, Nyamisi, wa Kibara. Akasoma wa pili, akaniangalia.

"Mama mzazi ni yupi kati ya hawa?"

"Mimi, wa pili."

"Na huyu wa kwanza?"

"Huyo ndiye wa kupigiwa," nikamwambia. Akagonga muhuri.

Mama yako,
Musoma